Zamu ya Manmaya

Mwanangu Skola,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka kwenda mtaa wa Dengfeng kuagana na wenzako, umevaa lile koti jekundu la milimani wakati nje watu wanachuruzika jasho, na begi lako limesimama mlangoni tangu juzi kana kwamba ndilo linalosafiri na wewe unalisindikiza. Mwenye hali mbaya ni mimi. Naogopa. Nalisema mapema kwa sababu umezoea kuniona nikigombana na wabeba marobota wa soko la Guangyuan mpaka wao wenyewe wanacheka, na pengine hujawahi kujua kwamba mama yako ni mwoga.

Sitaandika habari za soksi wala dawa za tumbo. Hizo nimezisema hadi siku hizi unaitikia "ndiyo mama" kabla sijafungua mdomo. Nataka kukuambia jambo moja nililokuwa nimekusudia kukuficha. Linahusu nyumba utakayolala keshokutwa ukifika Nepal, kijijini kwa Wagurung, na kosa nililolifanya wiki hii kuhusu nyumba hiyo. Lakini kosa lenyewe lina mizizi, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali. Unajua mimi nisipozunguka siwezi kufika.

Siku ile Sunita, mfanyabiashara mwenzetu anayetoka kijiji hicho, alipotueleza habari za kwao, alikuwa ameketi juu ya robota la majaketi ya watoto stoo kwetu, akisubiri mvua ikatike apeleke mzigo wake kwenye kago ya Nepal. Kichina chake na changu vyote ni vya sokoni, vinaishia kwenye bei, kwa hiyo wewe ndiye uliyekaa katikati ukitafsiri. Akasema kijijini kwao hakuna hoteli. Wageni wanaokuja kutazama milima ya theluji wanalala majumbani mwa watu, wanakula penye meko pamoja na wenye nyumba, na jioni akina mama wanawaimbia. Mgeni akimaliza kupanda ngazi za mawe anavishwa shada la maua, kisha kamati ya kijiji inamwonyesha nyumba yake. Nyumba zinakwenda kwa zamu. Mwenye nyumba hachagui mgeni, na mgeni hachagui nyumba. Mjane mwenye chumba kimoja anapata mgeni sawasawa na mwanajeshi mstaafu mwenye ghorofa, na sehemu ya mapato inaingia mfuko wa kijiji kutengeneza njia na kununua vitabu vya shule.

Mimi nikacheka. Nikasema, "Mwambie hiyo si biashara, hiyo ni bahati nasibu."

Wewe hukucheka, na nadhani hata hukumtafsiria. Ulimwuliza kama wanahitaji mtu wa Kichina, kwa sababu alikuwa amelalamika kwamba siku hizi Wachina wanapanda kwa wingi na kijiji kizima kinabaki kutabasamu na kuonyeshana vidole. Safari hii ilizaliwa pale pale mbele ya macho yangu, nikiwa nimeshika gundi ya kufungia mizigo. Utakaa huko mpaka baridi iishe, ukihama nyumba hadi nyumba kwa zamu kama mgeni mwingine yeyote, ukiwapokea Wachina na kuwafundisha vijana wa pale maneno.

Kicheko changu cha siku ile kilikuwa cha aibu, Skola. Sisi Waafrika wa hapa Xiaobei, mtaa wetu katikati ya Wachina, tuliwahi kuwa na zamu kama hiyo, na aliyeivunja ni mimi.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa ameshatuacha kwa simu kutoka Tunduma, nami nilikuwa naishi kwa kupokea wafanyabiashara wanaotoka nyumbani. Mtu anatua, analala kwako, unampikia, unampeleka soko la Zhanxi kwenye viatu, unambishania bei, unamfungia mzigo wake. Tulikuwa wanawake watano wa Kiswahili tunaofanya kazi hiyo, na ili tusigombanie watu kama kunguru jalalani, tulikubaliana zamu. Anayetua leo ni wa Mwanaisha, anayetua kesho ni wangu, awe ni tajiri wa makontena au anakuja kununua kandambili za gengeni. Wazo lilikuwa la Mwanaisha mwenyewe, huyu huyu shangazi yako wa Mombasa anayekuletea viazi karai kila Ijumaa.

Akaja mzee mmoja wa viatu, mtu wa kontena zima. Zamu ilikuwa ya Mwanaisha. Mimi nikawahi uwanja wa ndege kabla yake, nikamwambia yule mzee kwamba mwenyeji wake anaumwa, nikampandisha teksi, nikampa chumba chako.

Hapo ndipo ulipoanza kulala jikoni. Nilikutandikia godoro kati ya jiko na gunia la mchele, nikakuambia ni kwa siku chache, na siku chache zikawa mazoea yaliyotufuata hata nyumba ya baadaye, kwa sababu baada ya yule alikuja mwingine. Siku moja ulimwambia mwalimu wako kwamba nyumbani tuna vyumba viwili, kimoja cha mama na kimoja cha wateja. Mwalimu alinisimulia akicheka, nami nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nilikukuta umelala na mguu umetokeza hadi mlangoni, nikauruka kwenda kumchemshia mgeni maji. Nilikufanya mgeni ndani ya nyumba yako, tena mgeni wa daraja la mwisho, na hukuwahi kulalamika. Afadhali ungelalamika.

Sheria ya hapa unaijua, mgeni akilala kwako unampeleka kumwandikisha polisi. Yule mzee sikumwandikisha. Siku ya kwanza tulikuwa mbioni, ya pili vivyo hivyo, na zaidi ya yote niliogopa kukutana na Mwanaisha kituoni akaniuliza huyu ni nani. Ukaguzi ulipopita jengo letu walimkuta mzee wa watu na bukta yake anakunywa chai. Mwenye nyumba hakutaka maelezo. Jioni ile tulikuwa barabarani, wewe, mimi na marobota, na mzee mwenyewe ameshajitafutia hoteli.

Yale mapumziko ya kwa shangazi Mwanaisha unayoyakumbuka mpaka leo, uliyolala kitandani na kula mahamri asubuhi, hayakuwa mapumziko. Nilikwenda kugonga kwake kwa sababu nilikuwa nimeshagonga kwa wale wengine wote. Alifungua, akakutazama wewe kwanza, halafu mimi. Akasema, "Leo zamu ni yangu, wasahau?" Akakubeba, akaingia nawe ndani, akaniachia mlango wazi.

Hajalitaja tena jambo lile. Kila akiniita chai mpaka leo nakunywa nikitazama kikombe. Na zamu yenyewe ilikufa, maana baada yangu kila mtu alianza kuwahi uwanja wa ndege.

Sikusimulii haya ili nikufunze. Wewe huna tabia ya kuwahi vya watu, sijui uliitoa wapi tabia hiyo njema, si kwangu. Nakusimulia ili uelewe nilichokifanya Jumatatu.

Kuna jambo jingine la mwaka ule. Tulipokuwa tunatafuta nyumba, dalali alitupeleka kwa mwenye nyumba mmoja ambaye alikuwa ameshika ufunguo mkononi, mlango uko wazi nyuma yake, chumba kitupu tunakiona. Akatutazama, akasema mei you. Hakuna. Wewe ulikuwa umeshika kidole changu, ukaniambia, "Mama, anasema kuna mtu ameshalipia." Mtoto wa miaka sita! Hilo mei you nilikuwa nalijua kabla hata sijajua kusema asante kwa Kichina. Lakini nilikubali tafsiri yako ili usijue kwamba najua.

Ukaendelea hivyo. Nilikupeleka Zhanxi ukiwa na mkoba wa shule begani, nikakusimamisha kati yangu na laoban, mwenye duka la viatu, nikakwambia mwambie ghali sana, mwambie nitaondoka, na wewe ulikuwa unapokea maneno yao makali upande mmoja na kunipa mimi maneno laini upande wa pili. Nilikuwa najua. Niliona jinsi unavyomeza mate kabla ya kutafsiri. Niliendelea kukutumia kwa sababu bei ilishuka ukisema wewe. Huko uendako utakaa tena katikati, Wachina upande huu na wanakijiji upande ule. Safari hii usimeze. Mtu akikuambia neno bovu, mrudishie mwenyewe, mwambie hilo sitafsiri.

Sasa nifike nilikokuwa naenda.

Naogopa vitu vingi kuhusu safari hii. Naogopa ile barabara ya kupanda milimani, nimetazama video zake, na usiniulize ngapi. Naogopa maporomoko baada ya mvua. Naogopa kwamba ukivuka mpaka kesho, kibali chako cha kukaa hapa, kilichokuwa kimening'inia kwenye changu kwa sababu ulikuwa mtoto, kinaishia hapo. Ukirudi utarudi na viza ya matembezi, nami nitakushika mkono kukupeleka polisi nikuandikishe kama mgeni wangu. Uliposema, "Mama, usisahau kuniandikisha kama yule mzee wa viatu alivyosahaulika," hukujua ulichokigusa. Ulikuwa umekisikia tu kama kichekesho cha watu wazima. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili usinisikie.

Lakini hofu iliyozipita zote ilikuwa ya mlango. Kijiji kizima hakijawahi kupokea mtu wa rangi yetu. Nilijiuliza, je, zamu ikiangukia nyumba isiyomtaka? Atasimama pale juu ya ngazi na begi lake, watu wote wanatazama, na mimi sipo pale hata wa kudanganywa kwa tafsiri laini.

Jumatatu ulipokuwa stoo nikampigia Sunita. Yuko huko kijijini tangu mwezi uliopita. Tuliongea Kichina chetu cha bei, Kiingereza kidogo, na mikono mbele ya kamera.

Nikamwuliza, "Nyumba ya kwanza ni ya nani?"

"Ya Manmaya," akasema. "Mjane. Wanawe wawili wako Qatar."

"Anajua kwamba mwanangu ni Mwafrika?"

Sunita hajui kudanganya, ndiyo maana hatajirika. Akasema, "Anajua. Kwenye kikao alisimama akasema anaogopa."

Nikasikia mei you. Sikuuliza anaogopa nini, sikuuliza alisema nini baada ya hapo. Nikamwambia, "Mtoe hapo. Mpeleke kwenu, alale kwa mama yako." Akanieleza kwamba ni zamu ya Manmaya, kwamba msimu wote wa mvua hakuna mgeni aliyepanda, kwamba kamati haipendi zamu irukwe. Nikamkatiza. "Sunita, angekuwa wako ungefanyaje?" Akasema, "Sawa, dada."

Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ukate tiketi. Hilo nalo nalisema ili ujue nilivyo.

Jana Sunita akanipigia mwenyewe. Alikuwa ametoka kwa Manmaya kumpa taarifa, na alikuwa hana raha. Ndipo akanimalizia habari ya kile kikao ambayo mimi sikumwachia nafasi amalize. Manmaya alisema anaogopa kwamba utalia kwa kunikumbuka mimi, na yeye hatakuwa na neno hata moja la kukubembeleza. Aliogopa kwamba chakula chake hutakiweza. Kamati ikamwambia kama ana hofu anaweza kuruka zamu, akakataa. Akarudi nyumbani akapaka upya ukuta wa meko kwa udongo mwekundu. Akatoa blanketi ambalo wanawe walimtumia na hakuwahi kulitoa kwenye mfuko wake. Akamwomba Sunita amfundishe namna ya kusema "usilie" kwa lugha yetu, na Sunita, kwa kuwa hajui, alikuwa amepanga kuniuliza mimi.

Nilipompigia Jumatatu, swali hilo lilikuwa mdomoni mwake.

Manmaya alipoambiwa kwamba hutalala kwake hakubisha. Aliuliza tu, "Ni mama yake aliyenikataa?"

Skola, nilikaa na simu ile mkononi mpaka ikajizima. Miaka yote hii nimekuwa upande wa nje wa mlango, nimewalaani wenye funguo, nimekusimulia ubaya wao. Halafu mwanamke mmoja mlimani akakuandalia blanketi la wanawe, nami nikamwambia hakuna. Tena nilimwambia nikiwa mbali, bila hata kumtazama usoni. Yule mwenye nyumba wetu angalau alitutazama.

Nikamwambia Sunita aombe zamu irudishwe. Kamati imekaa leo asubuhi, ikaridhia, na nasikia mwenyekiti alicheka akasema akina mama wa pande zote ni wasumbufu sawa. Lakini Manmaya hakuja kwenye kikao. Ametuma neno kwamba ana kazi ya ulezi shambani. Sunita anasema ulezi wenyewe bado haujaiva. Kwa desturi yao, mwenye zamu ndiye anayekuja na shada la maua kumpokea mgeni wake. Akija, umepata nyumba. Asipokuja, utalala kwa mama yake Sunita, ambako kila kitu kiko tayari, hata maji ya moto. Hakuna anayejua atafanya lipi. Nimemrekodia Sunita lile neno, usilie, kwa sauti yangu, nimelisema polepole mara kadhaa, na amempelekea. Hajaniambia kama limesikilizwa.

Na hicho chakula alichoogopa hutakiweza, unajua ni nini? Ni ugali wa ulezi, mwanangu! Ugali wa bibi yako wa Sumbawanga, ule ule mweusi, ambao mimi naagiza unga wake kwenye mabegi ya watu na wewe unausukuma pembeni kutafuta tambi. Utaula. Ukiuacha nitapata habari, na sitakusamehe. Ukiusifu kuliko wangu, pia sitakusamehe.

Nilitaka kukuficha haya yote. Niliwaza, aende tu na furaha yake, akilala kwa mama Sunita hatajua kitu, na Manmaya atasahau. Lakini wewe unakwenda huko ukae na watu kwa zamu, na zamu ya kwanza imeshaharibiwa na mama yako kabla hujafika. Siwezi kupanda huko kuitengeneza. Hata viza sina. Nakuachia wewe, kama nilivyokuwa nakuachia Zhanxi, na safari hii angalau nakwambia ukweli wa ninachokubebesha.

Ukimaliza kupanda ngazi keshokutwa, watakuwepo akina mama wengi na maua. Akiwemo anayekuja mbele yako na hajui aangalie wapi, huyo ndiye. Inamisha kichwa akuvishe. Mwite Aama, ndivyo wanavyomwita mama. Neno hilo nimelifikiria, limeniuma, nimelizoea. Usilizuie kwa ajili yangu.

Asipokuwemo, usifuate begi lako kwa mama yake Sunita, hata kama miguu imekwisha. Omba uonyeshwe nyumba ya Manmaya, uende peke yako, uvue viatu nje. Usigonge kwa nguvu. Akija mlangoni mwambie, kwa lugha yoyote utakayoweza, hata kwa mikono, kwamba mama yako hakumkataa. Aliogopa, kama yeye. Kisha usiongeze neno, wala usijitetee kwa niaba yangu. Kaa hapo kizingitini usubiri aamue.

Mimi mama yako,
Anastazia